Asubuhi ya bamvua Kizimkazi

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni siku gani ya likizo na watoto wako ungependa irudi?" Yangu ni siku moja ya Desemba, Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa mwa Unguja. Wageni wengi huenda kule kupanda boti wakawatazame pomboo. Sisi tulikaa asubuhi nzima juu ya mwamba, tukichungulia vidimbwi.

Tunaishi Dodoma. Wanangu, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita, walikuwa wakiijua bahari kwa picha tu. Mama yangu mkubwa ni mwenyeji wa Dimbani. Usiku tuliofika aliutazama mwezi, ulikuwa mpevu, akasema, "Kesho bamvua. Kwenye saa nne maji yatakuwa mbali, tutakwenda wote." Mume wangu akachukua simu atafute saa za maji. Nikamwambia aiache, jibu keshapewa.

Kwa wasomaji wa bara kama sisi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Katikati yake kuna siku za maji mafu, bahari haisogei mbali, na ukienda mwambani siku hizo utakuta mawimbi tu. Uzuri wa Unguja ni kwamba siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne asubuhi, watoto wameshakunywa chai. Kesho yake huchelewa kati ya nusu saa na saa nzima, na keshokutwa hivyohivyo. Wazazi wenzangu, kabla hamjakata tiketi ya boti, tazameni mwezi.

Tuliwavalisha watoto yeboyebo, maana jiwe la pale linakata kama wembe. Ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mkubwa aliona duara kwenye jiwe, lina mistari iliyojikunjakunja kama ubongo wa mbuzi. Akaweka kiganja juu yake.

"Huyu alikuwa mnyama?"

Nikamwambia walikuwa wanyama wengi, wadogo mno, kila mmoja na kijumba chake. Hakuondoa mkono kwa muda. Tuliporudi nikampitisha msikiti wa kale wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe. Akatafuta mistari ileile ukutani.

Lakini mwalimu wa siku ile alikuwa bibi yao. Alifunga kanga kiunoni, mkononi ana mchokoo wake, kijiti kirefu cha kuchokolea pweza, akatangulia. Sharti lake lilikuwa moja: jiwe ukilifunua, lirudishe lilivyokuwa. Chini ya kila jiwe, aliwaambia, kuna nyumba ya mtu, na jua likiingia wenyewe watakufa. Wanangu wakawa wanarudisha mawe kwa mikono miwili, polepole, kama wanaofunika sufuria ya wali. Waliona viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, majongoo bahari, vijisamaki vilivyonaswa hadi maji yarudi, na kaa mdogo anayetembea na gamba la konokono mgongoni. Huyo wa mwisho mwanangu mdogo alimfuata kwa magoti karibu nusu saa. Nyumbani hakai kwenye kiti dakika tano.

Kisha bibi akasimama, akawaita kwa mkono bila kusema. Mbele ya tundu kulikuwa na kilima kidogo cha vipande vya magamba na kokoto safi. "Hapa pana mtu. Akishakula hutupa makombo mlangoni." Akaingiza mchokoo taratibu. Mkono mmoja wa pweza ukatoka, ukakizunguka kijiti, ukawa unakipapasa kwa ncha kama kipofu anayesoma uso wa mtu. Rangi yake ilikuwa ya mwamba. Mara ikapauka, ikawa nyeupe, kisha kahawia yenye madoadoa. Watoto hawakupiga kelele. Walipumua tu. Bibi akautikisa mchokoo, mkono ukaachia, akasema, "Mdogo huyu, hata nusu kilo hafiki. Mwacheni ale." Ni mwanamke aliyesomesha watoto wake kwa pweza wa mwamba ule, na nilivyomwona akigeuka na kuondoka, machozi yalinilenga.

Msukosuko haukukosa. Mdogo alivua kiatu kimoja kutoa mchanga, akakanyaga yule mnyama mweusi wa miiba mirefu. Akalia sana. Bibi alimkalisha juu ya jiwe, akaitoa miiba iliyotoka kwa urahisi, na nyumbani akapaka utomvu wa papai bichi, kama wanavyofanya watu wa kule. Jioni alikuwa anakimbia tena. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natazama kidimbwi kingine.

Tulirudi kabla hatujataka kurudi. Bibi alikuwa ameweka alama jiwe moja jeusi, na ukingo wake ulipolowa tu akasema basi. "Maji hayapigi hodi." Nilidhani yatatoka mbele, kule tulikoyaona, kumbe yalikuwa yakipita kwenye mifereji ya mwamba na kutuzunguka kwa nyuma. Tulipofika mchangani nikageuka. Kidimbwi cha pweza hakikuonekana tena.

Siku hizi mwezi ukiwa mpevu hapa Dodoma, mkubwa hutoka nje, hutazama juu, kisha huomba simu. "Shikamoo bibi. Kesho saa nne utakwenda mwambani?" Na bibi humwambia alichokiona bamvua iliyopita, na kama tundu lile bado lina makombo mlangoni.