Jibu: Skrubu inayopanuka ndani ya mfupa laini
Ndugu, umeuliza kama kuongeza unene wa skrubu kunatosha pale mfupa wa ndani ulipo laini kama sifongo. Mara nyingi hakutoshi. Kinachoishika skrubu ni vijiti vyembamba vya mfupa vilivyoingia kati ya meno yake. Vikikatika, skrubu huchomoka na chembechembe zake. Ncha ya skrubu ikipanuka ndani, kwa kufungua mabawa yake, husukuma vijiti vya pembeni vikashikamana, nayo huwa pana kuliko tundu ililopitia. Ila usiipanue kupita kiasi, ganda gumu la nje litapasuka. Na tafadhali sana, buni mapema namna ya kuikunja tena! Mfupa ukishaota katikati ya mabawa, daktari ataitoaje bila kubomoa? Ijaribu kwenye povu gumu la poliyurethani (aina ya plastiki) badala ya mfupa: ivute, kisha itikise juu-chini maelfu ya mara.