Usiliulize boksi, kiulize kifaa chenyewe: jinsi ya kuthibitisha chaja, kebo na betri

Mleta mada anasema kanunua chaja ya USB-C ya wati 65 pamoja na kebo yake. Boksi lina stika inayometameta na QR. Ukiiskani unafunguka ukurasa wenye alama ya vema na neno "halisi". Anauliza kama hiyo inatosha.

Haitoshi. QR ni maandishi tu yaliyochorwa kwa miraba midogo. Aliyenakili boksi kanakili na QR, au kaweka ya kwake inayokupeleka kwenye tovuti aliyoifungua mwenyewe. Hata ukifika tovuti ya kweli ya kampuni, namba moja ya kuhakiki inaweza kuwa imechapwa kwenye maboksi elfu. Namba ikikataliwa, rudisha mzigo. Ikikubaliwa, bado hujajua kitu. Afadhali kidogo ile ya kukwangua, ambayo tovuti inakuambia imeshaulizwa mara ngapi. Umeikwangua sasa hivi na inasema imeulizwa mara 30? Hiyo ni kopi. Na anwani ya tovuti iandike kwa mkono, usiende kwa QR ya boksini.

Wapo watakaosema tutumie 15090. Kutuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090 ni kwa simu, na ni kwa IMEI hizo TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu feki Juni 2016. Chaja na kebo hazina IMEI.

Uthibitisho wenye maana ni wa swali na jibu. Simu inatunga namba ya kubahatisha na kuirusha kwenye chipu iliyo ndani ya betri au kebo. Chipu inaichanganya na ufunguo wa siri ambao hautoki nje, kisha inarudisha jibu, na simu inalikagua. Kila mara namba ni tofauti, kwa hiyo aliyenasa jibu la leo hana pa kulitumia. Kebo za Lightning zina chipu ya namna hii tangu zilipotoka na iPhone 5 mwaka 2012. Kopi nyingi hutumia chipu ya kuigiza, ndiyo maana kebo iliyokuwa inachaji vizuri inaweza kukataliwa ghafla baada ya kusasisha mfumo.

Kwa wanaotengeneza vifaa vyao wenyewe, iwe mita, pampu za sola au betri za pikipiki: msitumie ufunguo mmoja kwa bidhaa zote. Katika njia ya SHA (hesabu ya kuchanganya namba na ufunguo), ufunguo uleule wa siri unahitajika pande zote mbili. Mtu akiutoa kwenye kifaa kimoja, mzigo wote umefunguka. Tumieni saini ya kidijitali (ECDSA P-256), kila kipande na ufunguo wake ndani ya chipu kama ATECC608, na kifaa kikuu kibaki na ufunguo wa wazi tu wa kuhakiki. Na namba ya swali iwe ya kubahatisha kwelikweli. Programu ikitoa namba zilezile kila inapowashwa, mwizi atarekodi majibu na kuyarudia.

Sasa udhaifu ambao mafundi wanaujua. Chipu inajithibitisha yenyewe, haithibitishi kilichounganishwa nayo. Kile kibao kidogo cha saketi kilicho juu ya betri ya simu, chini ya tepu ya njano, hutolewa kwenye betri halisi iliyochoka na kuchomelewa kwenye seli mpya isiyojulikana ilikotoka. Simu inauliza, chipu inajibu vizuri, seli ni takataka. Kwa iPhone kuanzia XS na XR, ukurasa wa "About" unaweza kuonyesha "Unknown Part" kwa betri iliyobadilishwa, lakini kibao hicho kikihama kutoka betri ya simu hiyohiyo, ujumbe huo unaweza usitokee. Kagua kwa macho: tepu imebandikwa mara ya pili, na alama za kuchomelea kwenye vijiti vya nikeli ziko jozi mbili badala ya moja. Seli ikianza kuvimba, itoe kwenye simu siku hiyohiyo.

Kwa USB-C, uthibitisho wa vyeti na saini ulitangazwa 2016 na mpango wake ukaanza Januari 2019, lakini ni wa hiari. Chaja nyingi hazina, kwa hiyo kinachobaki ni kupima.

Anza na plagi kabla hujaichomeka ukutani. Kwa plagi zetu za pini tatu, kutoka pini hadi ukingo wa chaja pasipungue milimita 9.5, pakipungua, vidole vinaweza kugusa pini zikiwa na umeme. Hili lisichukuliwe kama jambo dogo. Mwaka 2016 maabara ya UL ilipima adapta feki 400 zenye jina la Apple, na 3 tu ndizo zilizokuwa na insulesheni ya kumkinga mtumiaji asipigwe shoti. Ndani, njia za volti 230 zinakaa karibu mno na njia za volti 5, na kapasita ya usalama inabadilishwa na ya kawaida. Kinachokutenganisha na umeme wa ukutani ni uwazi wa milimita chache, na anayetengeneza feki anaanzia hapo kubana gharama. Nakuomba sana, chaja ya namna hiyo usimpe mtoto.

Kebo ya USB-A kwenda USB-C iwe na rezista ya kilo-omu 56. Nyingine zina ya kilo-omu 10, inayoiambia simu kuwa chanzo kinaweza kutoa ampea 3 hata kama ni tundu la kompyuta la nusu ampea. Tundu linaweza kuungua.

Pawabenki: mAh 10,000 kwa volti 3.7 ni Wh (wati-saa) 37. Kwa mita ya USB upande wa volti 5 tarajia mAh 6,000 hadi 6,600, hasara imo humo. Kama huna mita, ipeleke kwenye mizani: ya mAh 50,000 ina Wh 185, na seli zake peke yake haziwezi kupungua gramu 700. Ukipata gramu 300, jibu unalo.

Flashi na memori kadi: jaza yote kwa programu ya H2testw au F3, kisha soma. Ukiona "Overwritten" kwenye F3, kadi inaandika juu ya data yako ya mwanzo. GB 64 kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde inachukua karibu saa mbili kuandika tu, basi kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa.

Turudi kwenye wati 65 zako. Hizo ni volti 20 kwa ampea 3.25, na kebo ya USB-C kupita ampea 3 ni lazima iwe na chipu ya utambulisho. Weka mita katikati, chomeka kompyuta mpakato ambayo betri yake iko chini ya asilimia 30, usome. Ikigota ampea 3, yaani wati 60, badilisha kebo kwanza. Chaja inaweza kuwa nzima na inafuata sheria. Ikitoa 3.25 kupitia kebo isiyo na chipu, hapo ni chaja isiyoiuliza kebo. Ikibaki volti 5 hata kwa kebo nzuri na kompyuta unayojua inapokea 20, hiyo si chaja ya wati 65, hata QR iseme nini.