Pensheni ya bibi ilifika, mshahara wa hoteli haukufika

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: janga la korona limebadilisha nini katika sera za serikali, matibabu na kazi huko unakoishi? Mimi naishi Jambiani, Unguja Kusini. Kwenye matibabu tumepiga hatua ya kuonekana kwa macho. Kwenye kazi tumebaki palepale. Na ile sera iliyotusitiri zaidi siku zile ilikuwepo miaka minne kabla ya korona yenyewe.

Nianze na kazi, maana huko ndiko tulikoumia. Mgonjwa wa kwanza Zanzibar alitangazwa Machi 2020, na mwezi haukuisha ndege za watalii zikasimamishwa. Machi ndiyo tunaingia masika, na hoteli nyingi za pwani yetu hupunguza watu kila mwaka mvua zikianza. Kwa hiyo wafanyakazi walipoambiwa waende nyumbani, wengi walidhani ni yaleyale, Juni watarudi. Dada yangu alikuwa akitandika vyumba katika hoteli moja. Alikuja na barua ya nusu ukurasa, ina muhuri na saini, inasema yuko likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa. Tarehe ya kurudi haimo. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na ule wa wakati huo ulikuwa umebakisha siku chache. Ulipokwisha hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Zanzibar ina Sheria ya Ajira tangu mwaka 2005, lakini mtu ambaye mkataba wake umekufa wenyewe akadai nini, na kwa nani?

Ndege ziliruhusiwa tena Juni, wageni hawakuja nazo. Mwaka 2019 tulipokea watalii 538,264. Mwaka 2020 wakawa 260,644. Nusu iliyokosekana haikuwa ya wenye hoteli peke yao. Maji makubwa ya bamvua yakitoka na mwamba ukibaki wazi, wanawake wa huku huenda kuchokoa pweza, na mnunuzi wao mkubwa alikuwa jiko la hoteli. Vijana waliopoteza kazi nao wakashuka pwani na mishale yao, kwa hiyo pweza walikuwa wengi na wa kuwanunua hakuna. Dereva wa teksi, msusi, mchora hina, papasi anayeuza safari za kwenda kuona pomboo, wote hao hawakupewa hata hiyo barua ya nusu ukurasa. Ukiuliza wamepoteza kazi wangapi, utapata hesabu ya waliokuwa na kazi kwenye karatasi.

Sasa niseme kilichofika. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi humlipa pensheni jamii kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa au alikuwa akilima muhogo wake. Wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Siku ya malipo bibi yetu alivaa baibui asubuhi na mapema, akaenda kukaa foleni na wazee wenzake, akarudi na noti mbili za elfu kumi amezifunga kwenye pindo la kanga. Alizifungua mbele yetu, moja akampa dada akanunue mchele na sukari, ya pili akaificha. Nyumba ilikuwa na watu wazima wenye nguvu zao, na fedha pekee iliyokuwa na uhakika ni ya mama mzee. Zilikuwa chache, hilo halina ubishi. Lakini zilikuja kwa sababu zilikuwa kwenye bajeti tayari, majina yalikuwa yameshaandikwa, na sharti lake kubwa ni umri. Mwaka 2023 pensheni ile ilipandishwa ikawa 50,000, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia barabara yoyote.

Kwa upande wa afya tulianza vibaya. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa, tukabaki tunakisia. Muuguzi anayepokea mgonjwa wa kifua bila kujua maradhi yameenea kiasi gani anafanya kazi gizani, na aliyeko nyumbani hajui azuie wageni au asizuie. Tarehe 17 Februari 2021 tukampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema hadharani kuwa ameambukizwa korona. Baada ya msiba ule sikumsikia tena mtu hapa kijijini akisema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka huohuo sera iligeuka: Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, na Julai chanjo zikaanza kutolewa.

Kisha zikaja fedha, ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na korona, shilingi trilioni 1.3 kwa Tanzania nzima, ambao Zanzibar ilipata takriban bilioni 230. Sehemu yake ilijenga hospitali za wilaya, Unguja na Pemba. Ya kwetu iko Kitogani. Mama mjamzito aliyezidiwa usiku alikuwa akitafutiwa gari ya kumfikisha hospitali ya Mnazi Mmoja mjini. Kitogani iko njiani, karibu zaidi. Ni deni, na watoto wetu ndio watakaolimaliza, lakini kwa hili nasema wazi kwamba limetumika mahali pake. Wajasiriamali nao walitengewa mikopo isiyo na riba. Mwenye duka ilimfaa. Aliyekosa mshahara hakuwa na haja ya kuongezewa deni.

Nikiulizwa sera gani sasa, ninayo moja. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka nje anayekuja Zanzibar hulipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Akiugua au akipata ajali, kuna wa kumlipia. Ni jambo zuri. Anayemtandikia kitanda hana kinga ya namna hiyo siku hoteli ikifungwa. Basi kwenye kila dola 44 zitengwe hata mbili, ziwekwe katika mfuko usioguswa kwa jambo jingine, na serikali ikifunga anga au maradhi yakifunga hoteli, alipwe kila aliyekuwa kazini siku hiyo, awe wa mkataba wa miaka miwili au wa miezi mitatu. Majina wayapeleke waajiri kwa Kamisheni ya Kazi kila mwezi, na nakala ikae kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, ili dereva na mchokoa pweza nao waweze kuongezwa hapohapo na mtu anayewajua. Makato yaanze msimu huu, wageni wakiwa wamejaa.