Mtoto wa malezi ya kambo na bili ya hospitali

Pole dada, na hongera kwa kumpokea huyo mtoto. Umeuliza kama wewe, mlezi wa kambo hapo Moshi, ndiye wa kulipia matibabu ya pumu ya mtoto wa miaka minne uliyekabidhiwa na ustawi wa jamii.

Kwa sasa umri unamlinda. Sera ya Afya ya 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo anzia kituo cha afya cha karibu au Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Moshi. KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa hapo Moshi, ni ya taasisi ya dini, si ya serikali. Huko nenda na barua ya rufaa.

Akitimiza miaka 5 ndipo walezi wengi hukwama. Usisubiri! Mfuate sasa hivi afisa ustawi aliyekukabidhi, akuandikie barua ya kumtambulisha mtoto. Ukifika hospitali, ipeleke kwa ustawi wa jamii wa palepale uombe msamaha wa malipo kabla ya kufika dirishani, kwani bili ikishatoka mazungumzo huwa magumu. Barua hiyo itolee nakala tatu, halisi ibaki nyumbani. Na dawa ukiambiwa ukanunue nje, rudi kwanza kwa ustawi ukawaeleze.