Ajali za treni na magari: maswali yenu kuhusu anayewajibika

Tangu basi la abiria lilipogongana na treni Manyoni, mkoani Singida, mwezi Novemba 2023 na kuua watu zaidi ya kumi, maswali kuhusu makutano ya reli na barabara hayajakoma. Haya hapa manne, yote kutoka kwa wasomaji wa Tanzania.

Daladala niliyopanda iligongwa na treni. Naambiwa treni ina haki ya kupita kwanza, hivyo sina wa kumdai. Ni kweli?

Si kweli, na inaniuma kuona majeruhi wengi wakikata tamaa hapo. Treni hupewa kipaumbele kwa sababu magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayashiki kama matairi barabarani, na treni ya mizigo iliyoshehena huhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama. Anayeweza kusimama ndiye aliyepewa wajibu wa kusimama. Wajibu huo ni wa dereva wa daladala, wala si wako uliyekuwa umekaa kitini. Unaweza kumdai mmiliki, kwa kuwa mwajiri hubeba uzembe wa dereva wake akiwa kazini, na bima ya lazima chini ya Sura ya 169, yaani sheria ya bima ya magari, ipo kwa ajili ya waliojeruhiwa. Ikiwa zipo dalili kwamba shirika la reli nalo lilizembea, waunganishe wote katika shauri moja, wasije wakatupiana mzigo nawe ukabaki katikati.

Geti lilikuwa wazi na mlinzi hakuwepo. Nilipita, treni ikanigonga, na sasa polisi wananishtaki kwa uzembe. Je, nimeshapoteza haki yangu?

Hapana. Katika shauri la Wanless la mwaka 1874, mahakama ya juu ya Uingereza iliona kwamba geti la reli likiachwa wazi, mpita njia ana haki ya kulichukulia kama ishara ya usalama. Misingi ya sheria ya Kiingereza iliyokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920 ilipokelewa nchini kwetu, kwa hiyo hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo geti lililo wazi halikuondolei wajibu wa kutazama na kusikiliza: mahakama ikiona ulichangia ajali kwa asilimia 30, hasara ya shilingi milioni 10 italipwa milioni 7. Ndiyo maana ushahidi wa siku ileile ni muhimu kuliko maneno ya baadaye: picha za geti, alama zilizofutika, vichaka vilivyoziba upeo wa macho, na majina ya walio karibu wanaoweza kueleza kama honi ilipigwa. Vichaka hufyekwa haraka sana baada ya ajali. Na tafadhali usikiri kosa la jinai kwa nia tu ya kumaliza usumbufu, kwa sababu hukumu hiyo inaweza kutumika dhidi yako katika madai.

Gari langu lilizimika relini, na sasa nadaiwa gharama za kutengeneza kichwa cha treni.

Kuzimika kwa gari peke yake si uzembe. Litakaloulizwa ni kama uliingia relini wakati foleni ya mbele haijasogea, au uliendesha gari ulilojua ni bovu. Usisaini barua yoyote ya kukubali deni kabla ya kuijulisha kampuni yako ya bima, na soma mkataba wako, kwani bima ya lazima inalenga vifo na majeraha. Uharibifu wa mali hutegemea aina ya bima uliyokata.

Mume wangu alifariki katika ajali kama hii miaka miwili iliyopita. Je, muda umepita?

Pole sana, mama. Muda haujapita, lakini umebaki mfupi. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sura ya 89, sheria ya ukomo wa muda wa kudai, na Sura ya 310, sheria inayohusu ajali za vifo, inawatambua mke, watoto na wazazi wa marehemu kuwa wategemezi wanaostahili fidia. Jua kwanza treni ilikuwa ya nani, kwa kuwa TRC (Shirika la Reli Tanzania) na TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ni mashirika mawili yaliyoundwa kwa sheria tofauti. Shirika la umma kama TRC hupewa notisi ya siku 90 kabla ya kushtakiwa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, la sivyo shauri litaharibika. Usisubiri mirathi imalizike ndipo umtafute wakili. Mpelekee wiki hii cheti cha kifo, cheti cha ndoa na taarifa ya polisi, ili notisi itoke mapema.