Je, mkataba aliotia saini mfalme akiwa mfungwa ulikuwa halali?

SWALI: Nimesoma kwamba François wa Kwanza wa Ufaransa alitia saini Mkataba wa Madrid mwaka 1526, akaapa kuutimiza, kisha alipofika kwake akaukana. Ahadi ni deni. Kisheria alijitetea vipi?

JIBU: Kwa hoja mbili, na hazikuwa na uzito sawa.

Ya kwanza ni shuruti. François alitekwa vitani Pavia, Italia, tarehe 24 Februari 1525, akapelekwa Hispania, na huko Madrid akaugua nusura afe. Kaisari Charles wa Tano, mtawala wa Hispania ambaye jeshi lake ndilo lililomteka, alitaka apewe Bourgogne, jimbo la mashariki mwa Ufaransa, na pia François aache madai yake yote Italia. Tarehe 13 Januari 1526, siku moja kabla ya kusaini, François alitamka kwa siri mbele ya wathibitishaji wa hati kwamba atakachosaini ni batili, kwa kuwa hana uhuru. Mimi hoja hii siikubali sana. Kila mfungwa wa vita yuko chini ya shuruti. Ingekubalika kwa wote, nani tena angemwachia mfungwa kwa kiapo? Papa Clement wa Saba alimfungulia kiapo hicho, lakini Mei mwaka huohuo yeye mwenyewe aliungana naye dhidi ya Charles katika Muungano wa Cognac. Hakuwa mwamuzi asiye na upande.

Ya pili ndiyo yenye mashiko: Bourgogne haikuwa mali yake binafsi. Mfalme wa Ufaransa alipotawazwa aliapa kulinda milki ya taji, yaani ardhi ya ufalme wenyewe, hivyo hakuwa na mamlaka ya kuigawa. Baraza la Bourgogne lenyewe lilikataa jimbo lihamishiwe kwa Charles, na mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Paris Desemba 1527 ukasema mfalme hafungwi na mkataba ule.

Upande wa Charles kulikuwa na aliyeliona hili mapema. Kansela wake, Gattinara, alikataa kuupiga mkataba mhuri akijua hautatimizwa.

Charles alitegemea dhamana, na dhamana ilikuwa watoto. Tarehe 17 Machi 1526, kwenye jukwaa lililoelea katikati ya mto Bidasoa mpakani, François alivuka kuelekea Ufaransa huku wanawe wawili, François wa miaka 8 na Henri ambaye hajatimiza 7, wakivushwa kwenda Hispania. Baba alipoukana mkataba, wao ndio waliobanwa: waliondolewa watumishi wao Wafaransa, wakafungiwa ngomeni. Kila ninapoisoma kesi hii, hapo ndipo hoja nzuri za wanasheria zinaponiuma.

Waliomaliza mgogoro huu ni wanawake wawili: Louise wa Savoie, mama wa François, na Marguerite wa Austria, shangazi wa Charles, kwa Mkataba wa Cambrai wa Agosti 1529. Fidia ilikuwa ekyu (sarafu za Ufaransa) za dhahabu milioni 2, na watoto wakarudishwa Julai 1530. Charles alibakiza madai yake juu ya Bourgogne kwenye maandishi, lakini ardhi ikabaki Ufaransa.