Wamesema watoto njiti ni damu yetu

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mdogo wangu anaishi Chicago, ana mimba ya miezi mitano. Kliniki wamemwambia wanawake weusi huko hujifungua kabla ya wakati kuliko weupe. Mama yetu kasema basi ni damu yetu. Mimi pia ni mjamzito, na sasa silali. Ni kweli?
Msomaji, Unga Limited, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Walichosema kliniki ni kweli, ila mwambie mama si damu. Mwaka 1997 madaktari Richard David na James Collins walitoa utafiti kuhusu uzito wa watoto waliozaliwa Illinois, jimbo lenye hiyo Chicago; nao njiti mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo. Watoto wa wanawake weusi waliotoka Afrika walikaribiana na wa Wamarekani weupe. Waliopungua uzito ni wa Wamarekani weusi. Ingekuwa damu, wa kwetu ndio wangepungua zaidi.

Angalieni mtaa. Katika miaka ya 1930 zilichorwa ramani za miji ya Marekani, mitaa ya weusi ikatiwa rangi nyekundu kwamba ni hatari kuikopesha. Mingi ya mitaa hiyo mpaka leo ina hewa chafu zaidi na miti michache. Na hewa inamfikia mtoto tumboni: huko New Jersey na Pennsylvania, magari yalipoanza kupita vituo vya kulipia barabara bila kusimama, foleni na moshi vikapungua, na kwa kina mama waliokaa ndani ya kilomita 2 kutoka vituo hivyo watoto njiti wakapungua kwa karibu asilimia 11. Kina mama wale hawakumeza dawa yoyote mpya! Inaniuma mzazi akilaumiwa kwa hewa ambayo hakuichafua.

Wewe hapo Unga Limited, kama mnapika kwa mkaa chumbani, jiko litoke nje leo, hata ukiinjika maharage. Anayechoma mifuko ya plastiki uani, baba watoto akazungumze naye, au mjumbe.

Mdogo wako asijiamini eti katoka Afrika, asubiri tu. Nyote wawili, kabla ya wiki 37, tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara, maji yakivuja, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Msingoje tarehe ya kliniki. Na mdogo wako akiambiwa arudi nyumbani kabla hajapimwa, akatae kuondoka.